Siku Niliyofunga Mlima Mkavu

Nilisema, "Hilo dogo."

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiyarudia maneno hayo mawili, na kila nikiyarudia najaribu kuweka mengine mahali pake. Ningeweza kusema, "Bidhaa nitaficha, njia siifungi." Sentensi fupi. Nilikuwa nimesoma Musoma mjini hadi kidato cha nne, nilijua kutunga sentensi ndefu kuliko hiyo. Sikuitunga. Nilisema hilo dogo, tukapeana mikono, nikapanda baiskeli kurudi nyumbani.

Aliyeniomba alikuwa mwenye duka wa Kabasa, pale Bunda. Baba yake alitoka pwani, mama yake alikuwa mtu wa huku huku ziwani, na yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu aliyefunga Ramadhani yake bila kukosa na kutuwekea sisi Wakristo sukari ya Krismasi chini ya kaunta. Ilikuwa ile miaka ya shida. Sabuni tuliisahau, tukafua kwa majani ya mpapai. Sukari ilitoka kwa kibali, na kibali kilitoka kwa mtu. Kisha serikali ikatangaza vita dhidi ya walanguzi, na wakaguzi wakaanza kuingia maduka na majumba, wakipekua hadi chini ya vitanda.

"Karani, wakija kwangu nimekwisha," aliniambia siku hiyo, tukiwa mlango wa nyuma wa duka. "Wakinikuta na katoni nane za sabuni na magunia mawili ya sukari, nani ataniuliza nimevipataje? Nitapelekwa Musoma, na kufuli juu ya duka."

"Lete kwangu, mzee. Nani atapanda mlima kutafuta sabuni?"

"Watapanda. Hawa wa safari hii wanapanda hata darini." Akakuna ndevu. "Ile njia yenu ya mlimani, si mnaifungaga mvua zikizidi? Nasikia mkiweka lile tawi hata mgambo hapiti."

"Tunafungaga."

"Sasa si ufunge?"

Ndipo nikasema lile neno.

Niliitwa karani kwa sababu nilikuwa karani wa ghala la pamba la kijiji. Habari za wakaguzi zilipita ofisini kabla hazijafika mitaani, kwa hiyo nilijua wanakuja siku gani. Nakiri hilo, na wala siliombei radhi. Sijutii kuficha sabuni. Mtu akiniambia leo kwamba nilihujumu uchumi kwa kulaza katoni nane chini ya pamba, nitamwuliza alifulia nini nepi za watoto wake mwaka ule. Sabuni ningeificha tena kesho. Ningeweza kuiacha chini ya pamba ghalani bila kufunga njia, au kuihamishia katika kihenge cha mtama, au katika mapango ya pimbi yaliyojaa kule juu. Kulikuwa na mahali mia. Mimi nikatumia tawi.

Ili mtu aelewe tawi ni nini, lazima aujue mlima wenyewe.

Kijiji chetu kiko upande wa Butiama, nyuma ya mlima. Kutoka kwetu kwenda barabara ya Bunda kuna njia mbili. Moja inazunguka, na kwa mguu inakula asubuhi nzima. Nyingine inakata ubavuni kwa muda wa saa moja, na hiyo ndiyo kila mtu anaipenda. Ubavu ule ni mwamba laini ulioinama, mpana kuliko uwanja wa mpira, na juu yake umelala udongo mwekundu kama ugali uliowekwa kwenye sahani iliyolowa. Kiangazi udongo unashika. Mvua kubwa ya ghafla nayo haina neno, inateleza juu juu na kwenda zake. Mvua ya kuogopa ni ile ndogo isiyokatika, inayonyesha siku tatu, siku nne, mpaka maji yazame na kuufikia mwamba. Yakifika huko hayana pa kwenda. Yanakaa katikati, na udongo unaanza kuelea.

Aliyeusoma mlima huo alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Nyumba yake ilikuwa karibu na chemchemi, na mwenye nyumba ile ndiye siku zote alipewa kazi hiyo, awe mwanamume au mwanamke. Haikuwa uganga. Sikuwahi kumwona akichinja kuku wala kusema na mizimu, na Jumapili alikuwa kanisani kabla ya padri. Alikuwa na fimbo ndefu kama mtu, yenye ncha, imekatwa alama tatu kwa kisu. Mvua ya siku ya pili ikianza, alipanda juu ya njia na kuichomeka ardhini mahali tisa, pale pale kila mwaka. Ikigoma kwenye alama ya kwanza, alirudi kupika uji. Ikizama hadi ya tatu kama inaingia kwenye siagi, kisha ikagonga mwamba na kutoka ncha inachuruzika maji, alitazama mengine: chemchemi imegeuka rangi ya chai ya maziwa? Maji yanatoka mahali ambapo jana hayakuwepo? Nguzo za uzio zimeinama? Pimbi wamenyamaza? Ufa wa juu unaingiza kidole au unaingiza mkono?

Kidole kikiingia, watu walipita mmoja mmoja, wameachana mbali, bila mzigo wala ng'ombe, na kimya, ili kila mtu asikie. Mkono ukiingia, njia ilifungwa.

Ilifungwa kwa tawi la mnyaa. Mnyaa kwa sababu mbuzi hawali, na utomvu wake unaunguza macho, hivyo watoto hawachezei. Tawi moja mdomo wa juu wa njia, moja mdomo wa chini, yamefungwa kwa katani kwenye mawe mawili, kimo cha goti. Na lilikuwa na sheria moja ambayo shangazi aliisema zaidi ya zote: mlima ukikauka, aliyefunga ndiye anafungua, na tawi linachomwa moto siku hiyo hiyo. Halitupwi. Tawi la njia lisionekane limelala ovyo mahali popote, alisema, watu wasije wakalizoea.

Tangu nazaliwa sikuwahi kuona mtu akiliruka. Nimeona bibi harusi akizungushwa na wenzake asubuhi nzima kwenye matope kwa sababu ya tawi. Nimeona jeneza likizungushwa.

Mimi nilifunga kiangazi. Jua linawaka, vumbi linatimka, mimi nikakata matawi mawili ya mnyaa kwenye ua wangu na kufunga mlima mkavu. Kisha nikapanda kwenye majabali kuangalia mchezo, na mke wangu akanifuata. Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu wa ndoa. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alipocheka alifunika mdomo kwa kanga kwa sababu ya pengo la jino ambalo mimi nililipenda.

Landrova ilisimama chini. Akashuka mkaguzi, mgeni wa sehemu hizi, na mgambo mmoja aliyekuwa kijana wa vijiji vya jirani. Upepo ulituletea kila neno.

"Afande, mlima umefungwa," alisema mgambo.

"Umefungwa na nani?"

"Na wenyewe."

"Jua lote hili? Ruka twende."

"Afande, mimi ni mtu wa huku. Tangulia wewe."

Mkaguzi akatazama tawi. Akatazama mlima. Akainua mguu, akaurudisha chini. Akasema kitu kuhusu watu wa Mara ambacho sitakiandika, akarudi garini. Mke wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga nzima, machozi yanamtoka.

"Baba watoto," alisema, ingawa mtoto wetu alikuwa bado tumboni, "kumbe tawi moja linarudisha Landrova!"

Nilijiona jemadari. Nikashuka, nikafungua tawi la chini, nikalirusha pembeni ya njia. Nililirusha tu. Hata sikutazama lilipoangukia.

Jioni ile shangazi alikuja. Alikuwa ameshapita mahali pote tisa na fimbo yake, nami niliona vumbi kwenye ncha.

"Nani kafunga?"

"Mimi, shangazi."

"Umesikia nini huko juu?"

"Sikusikia kitu. Wakaguzi walikuwa wanakuja. Yule mzee wa Kabasa angefungwa."

Aliniitaga baba, kwa sababu nilirithi jina la baba yake, na hata siku hiyo hakuacha.

"Baba yangu, mtu wako umemsaidia, sawa. Sabuni ni yako, ukapigane nao kwa sabuni. Tawi si lako. Hata langu si langu. Umelichoma?"

"Nitalichoma."

"Liko wapi?"

Sikujua liko wapi. Tulikwenda kulitafuta, hatukulipata, giza likaingia. Akaondoka bila kunilaani, na mimi nikaona amenisamehe. Nilikuwa mjinga. Alikuwa anahesabu watu walioniona.

Walikuwa wengi. Wiki ya tatu mtu mwingine alifunga, akificha vitenge. Mwezi uliofuata wakafunga wenye gongo. Kila waliponikuta walinipigia saluti: "Karani! Fundi wetu!" Na mimi nikapokea saluti. Hapo ndipo palipo aibu yangu kubwa kuliko hata tawi lenyewe. Ningeweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji siku yoyote nikasema, nilikosea, tuacheni. Nilicheka.

Masika iliyofuata tuliligundua lile tawi langu la kwanza. Mnyaa haufi ukitupwa, kila mtu wa huku anajua, tunapanda ua kwa kuchomeka vijiti vyake tu. Lilikuwa limeota. Na mengine yaliyotupwa baada yake yakaota pia. Baada ya miaka kadhaa mdomo wa chini wa njia ulikuwa kichaka cha minyaa, kiasi kwamba tawi la kweli lilipofungwa pale lilionekana kama tawi lingine lililoinamia njiani.

Kisha ikaja ruksa. Wale waliokuwa wakiitwa wahujumu wakaanza kuitwa wafanyabiashara. Sabuni ikajaa hadi ikapangwa chini kwenye magunia barabarani, mitumba ikafika mpaka gulioni kwetu, mzee wa Kabasa akafungua duka la pili. Ushirika wetu uliishiwa nguvu, wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani zao, na mimi nikabaki karani wa ghala tupu, halafu mkulima. Hapakuwa tena na cha kuficha. Ungedhani matawi yangekoma.

Yaliongezeka. Sasa mgambo walikuja kwa sababu nyingine: wanaume walisakwa kwa kodi ya kichwa, wanawake walisimamishwa na mizigo yao waonyeshe risiti ya ushuru. Mgambo wakionekana, mtu alikata mnyaa na kuuweka njiani, na kila aliyeuona alielewa: jifiche kama huna risiti, pita kama unayo. Mgambo wenyewe walishaacha kuuogopa. Tawi lilikuwa limepata maana mpya, na maana ile mimi ndiye niliyeileta duniani.

Shangazi alipofuka macho kabla ya kufa. Miaka miwili ya mwisho alinituma mimi na fimbo, akanisubiri mlangoni, nami nikarudi kumsomea alama kama mwanafunzi.

"Ya pili, shangazi. Ncha kavu."

"Chemchemi?"

"Safi."

"Umeonja, au umeangalia tu?"

"Nimeangalia."

"Rudi ukaonje. Udongo unaufikia ulimi kabla ya jicho."

Nilirudi. Miaka hiyo nilijifunza kuliko vidato vyote vinne. Alipokufa aliniachia fimbo, na nilipomwambia sistahili, alisema, "Ndiyo. Lakini ni wewe unayejua kilichoharibika."

Nilijaribu kukitengeneza, nisiseme sikujaribu. Niliandika ubao kwa rangi nyekundu: HATARI, MLIMA UMELOWA. Ubao ukawa mlango wa banda la kuku wa mtu, herufi zikiwa kichwa chini. Nikafunga kitambaa chekundu. Kitambaa kilikuwa kizuri, kikashonwa kaptula. Nikasema mkutanoni kwamba kuanzia leo tawi liwe la mlima peke yake, na mzee mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Na sisi tulifundishwa na nani, karani?" Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Hapo palikuwa mahali pa kukiri. Maneno mawili tu: na mimi. Niliketi.

Masika ya mwaka ninaouzungumzia haikuanza kwa kishindo. Ilikuwa mvua ndogo, ya adabu, inayonyesha kama inaomba radhi, na haikukatika siku tano. Mke wangu alikuwa ameshavuka kwenda Bunda siku ya kwanza, kabla udongo haujalowa, kulala kwa dada yake Kabasa na kununua mitumba ya watoto. Tulikuwa na wanne. Alisema atarudi Jumamosi.

Tangu siku ya pili fimbo ilikuwa ikigoma kwenye alama ya kwanza, kisha ya pili; Jumamosi asubuhi niliichomeka tena. Mahali pa kwanza, alama ya tatu. Pa pili, ya tatu. Nilipofika pa tano niliacha kuichomeka, kwa sababu nilikuwa nasikia maji chini ya miguu yangu, yanakwenda, kama mtu anayemimina mtungi chumba cha pili. Chemchemi ilikuwa chai. Nikapanda kwenye ufa wa juu na kuingiza mkono, ukaingia hadi kiwiko.

Nilifunga mdomo wa juu kwa matawi matatu. Kisha nikashuka kwa njia ile ile, peke yangu, nikifanya kile ambacho nilikuwa nakataza watu, kwa kuwa kuzunguka kungenichelewesha. Nikafunga mdomo wa chini kwa matawi matano na kusimama mbele yake.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa kijana mwenye gunia la chumvi. Nikamwambia rudi. Akarudi, Mungu amweke. Wa pili na wa tatu walikuwa wanaume wawili waliotoka kunywa.

"Karani, mlima una nini leo?"

"Umejaa maji. Zungukeni."

"Umejaa maji au umejaa mgambo?" wakacheka. "Tuambie tu wako wapi, sisi tumeshalipa."

"Hakuna mgambo. Nawaapia."

"Sasa kama hakuna mgambo umefunga ya nini?"

Wakaruka. Nilimshika mmoja shati, akanitoa mkono kwa heshima kama unavyomtoa mzee aliyelewa, ingawa mlevi alikuwa yeye. Wakapanda wakiimba. Nilisimama nikisubiri mlima uwaangukie, na mlima haukuwaangukia. Walifika juu. Nikawasikia wakipiga mluzi kunicheka, na mama mmoja aliyekuwa anasitasita nyuma yangu, aliposikia mluzi ule, naye akapita. Naye akafika.

Hapo nilianza kumfikiria mke wangu. Angefika na basi au lori mchana. Angeona minyaa. Na nilijua, vile ninavyojua jina langu, kwamba tawi halitamsimamisha. Ni yeye aliyecheka na mimi kwenye majabali. Kuliko mtu yeyote wa kijiji kile, yeye ndiye niliyemfundisha kwamba tawi ni mchezo.

Kwa hiyo niliacha mdomo wa njia nikaenda barabarani kumpokea anaposhukia. Kulikuwa na nyumba moja pale mdomoni, ya jirani yetu mfinyanzi wa vyungu. Nilimwita kutoka njiani, "Jirani, angalia watu wasipite!" Akainua mkono. Sikusimama kumweleza.

Barabara ilikuwa mwendo wa nusu saa. Nilisimama kituoni, mvua inaniingia shingoni, nikatazama kila gari litokalo Bunda. Hakushuka. Lori alilopanda lilikwama kwenye tope kabla ya kituo, abiria wakaambiwa wateremke, na yeye akakata mashambani moja kwa moja kuelekea mlimani. Hayo niliyajua baadaye. Wakati huo nilijua tu kwamba saa inakwenda, nikajisemea pengine ameamua kulala Bunda siku nyingine, na nikalipenda wazo hilo.

Kisha nikausikia. Watu husema ni kama radi. Radi hukatika. Ule ulikuwa kama lori lenye mawe linalomwaga shehena yake na shehena haiishi. Nikaona ubavu wa mlima ukishuka wote pamoja, miti imesimama wima juu yake kama watu kwenye jukwaa, na nyuma yake mwamba ukabaki mtupu, mweupe, unang'aa.

Nilikimbia. Mfinyanzi alikuwa amesimama nje ya nyumba yake, mikono imejaa udongo wa kazi.

"Nani amepita?" nilimwuliza.

Aliutazama ule mwamba mtupu.

"Jirani. Nani amepita?"

"Shemeji," akasema. Ndivyo alivyomwita mke wangu siku zote.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia njia imefungwa. Akaniuliza, 'Na nani?' Nikasema na mumeo. Akacheka. Akafungua pindo la kanga, akanionyesha karatasi. Akasema, 'Mwambie risiti ninayo.' Akaruka."

"Kwa nini hukumshika?"

"Karani, mimi ningejuaje?" Alikuwa analia sasa. "Wewe mwenyewe ulikuwa umeondoka. Mlima ukiwa mbaya kweli, shangazi yako alikuwa anakaa hapa siku nzima. Nilipoona umekwenda barabarani nikajua ni mambo ya mgambo."

Tulichimba siku mbili, kijiji kizima, pamoja na wale wawili waliopita wakiimba. Walichimba kuliko wote na hawakuthubutu kunitazama. Tulimpata chini kabisa, karibu na mashamba. Mzigo wa mitumba ulikuwa bado umefungwa vizuri.

Maneno niliyoambiwa msibani nayakumbuka yote. Kazi ya Mungu haina makosa. Siku yake ilikuwa imefika. Ofisi iliandika katika faili kwamba ni maafa ya asili. Wakwe zangu, watu wema, walikuja kunishika mkono na kusema hawana neno na mimi. Mzee wa Kabasa alikuja toka Bunda na mchele na kitambaa cha sanda, akaketi nami kwenye mkeka.

"Ndugu yangu," alisema, "kama nisingekuomba siku ile..."

"Wewe kazi yako ilikuwa kuomba, mzee. Kukataa ilikuwa kazi yangu."

Ninayakataa hayo mengine pia, na watoto wangu wakisoma hapa wasikasirike. Mungu aliuweka udongo juu ya mwamba, kisha akatupa kina shangazi na fimbo zao. Sehemu yake aliimaliza. Asili haikuficha kitu: ilibadilisha rangi ya maji, ikapasua ufa mpana wa kuingiza mkono wangu mpaka kiwiko. Mlima ulisema kweli siku tano mfululizo. Aliyesema uongo ni mimi, miaka mingi kabla, siku ya jua. Msinipunguzie. Mzigo huu nimeuzoea, na ukiugawa kwa Mungu na mvua haupungui, unapotea tu njiani na kumwangukia mtu mwingine.

Udongo umeanza kurudi pale ubavuni, na njia nayo imerudi, maana watu ni watu. Kila kiangazi nakata ile minyaa ya mdomo wa chini kwa panga na kuichoma hapo hapo, mizizi na yote, na kila masika kuna kipande nilichokisahau kinachoota. Utomvu umeshaliharibu jicho langu la kushoto. Fimbo ninayo. Mvua ikifika siku ya pili napanda, na ikibidi kufunga sifungi kwa tawi. Nabeba kigoda, nakaa katikati ya njia mwenyewe, natandaza miguu. Vijana wa bodaboda wananitukana, wananipigia honi hadi masikio yanauma. "Mzee, toka! Unataka hela?" Sitoki. Mwaka jana mmoja alinisukuma nikaanguka na kigoda changu, nikakirudisha palepale nikakaa tena. Akazunguka. Mlima usipoporomoka wananicheka, nami nacheka nao, na mvua nyingine ikifika siku ya pili wananikuta palepale.

Wengine wanauliza mzee huyu anatafuta nini pale. Nitaandika hapa, mara moja, ili nisiulizwe tena. Niliambiwa nifunge njia kwa uongo na sikukataa. Mke wangu aliliona tawi la kweli, akaamini ni mchezo wangu, akaliruka. Ana kaburi kwetu, upande wa Butiama, na watoto wanne walikua bila mama. Hilo dogo nililolisema Kabasa lilinigharimu yeye.